Wenye jina na wenye namba

Mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Old Korogwe afunguapo daftari la mahudhurio asubuhi, hukutana na somo la historia kabla hajashika chaki. Kila mtoto ameandikiwa majina matatu. La kwanza ni lake mwenyewe, la pili ni la baba yake, na la tatu, ambalo fomu za serikali huliita jina la ukoo, mara nyingi ni la babu tu. Humo mna majina ya Kisambaa na ya Kizigua yanayoanza na She-, na jina moja laweza kurudiwa mara tatu au nne katika darasa moja. Mgeni akiyasoma atadhani watoto hao wametoka mlango mmoja. Mwalimu mwenyeji anajua kuwa sivyo. Huyu baba yake ni fundi cherehani, yule babu yake alikuja kukata mkonge, na wa tatu kwao ni mlimani Lushoto.

Ajabu ni kwamba busara hiyo, itumikayo kila siku kwa majina ya nyumbani, hutoweka ghafla linapotajwa jina la Kihindi. Hapo hata watu wenye elimu yao, walimu na watumishi wa umma wakiwemo, huliona jina na kuhitimisha kwamba wamekwisha kumjua mtu: ukoo wake, mali yake, tabia yake, hata nchi aipendayo. Wako wanaosikia jina la tajiri aliyejenga ukumbi wakaamini kuwa wote wenye jina hilo walikuwa wafadhili wa watu. Wako pia wanaosikia jina lilo hilo wakaamini kuwa wote walikuwa wanyonyaji. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili yamekwepa kazi ya kuuliza: huyu alifanya nini, wapi, lini, na kwa jasho la nani?

Hakuna jina linalofaa zaidi kufundishia jambo hili kuliko Jivanjee. Katika historia ya Afrika ya Mashariki limebebwa na watu mashuhuri wa nyumba mbili tofauti, na mpaka leo wako wanaowachanganya. Nyumba moja ilikuwa Nairobi. Ya pili ilianzia Zanzibar, ikaenea Dar es Salaam na Tanga, na mali yake ikaotesha mizizi katika mkonge, zao ambalo kila mzaliwa wa Korogwe analijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa macho.

JINA LILILOKUWA LA BABA

Neno jivan katika lugha za India maana yake ni uhai. Ile ji ya mwisho, ambayo Waingereza waliiandika jee, ni ya heshima, kama Mswahili anavyotanguliza Bwana au Mzee. Karim nalo ni neno la Kiarabu, ndugu wa maneno mkarimu na ukarimu katika Kiswahili. Kwa hiyo Karimjee Jivanjee, jina lililoandikwa kwa miaka mingi juu ya milango ya maghala na ofisi, lilikuwa na maana nyepesi kabisa: Karim mwana wa Jivan, wakitajwa kwa adabu.

Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat waliovuka bahari kwa majahazi ya pepo za kaskazi walikuwa na desturi isiyo ngeni Old Korogwe. Mtu aliitwa jina lake, likafuatwa na la baba yake. Mjukuu naye angebeba la baba yake, na lile la babu lingesogea nyuma hata kusahauliwa. Lakini biashara ina mambo yake. Kampuni ikishapata sifa kwa jina fulani, watoto na wajukuu hawataki tena kuliacha. Hati za forodha, leseni, vitabu vya benki na vibao vya maduka vikaligandisha jina la baba likawa la ukoo. Ndivyo watu wawili wasio ndugu, ambao kila mmoja baba yake aliitwa Jivan, walivyoweza kuacha nyuma yao koo mbili zinazofanana kwa jina.

Wote wawili walikuwa Mabohora, yaani Waislamu wa Kishia wa madhehebu ambayo wafuasi wake wengi ni wafanyabiashara. Ufanano huo wa dini na kazi ndio uliozidisha mchanganyiko. Lakini historia zao zinapowekwa kando kwa kando, tofauti inaonekana.

JIVANJEE WA NAIROBI

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, na mwaka 1890 akafika Mombasa. Utajiri wake ulikua pamoja na reli ya Uganda, kwani alikuwa miongoni mwa makandarasi walioleta wafanyakazi kutoka India na kuwapatia mahitaji yao. Nairobi ilipoanza kuwa mji, yeye ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya majengo yake ya mwanzo, pamoja na soko. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti lililoitwa African Standard, ambalo baadaye liliuzwa kwa Wazungu na kuwa sauti ya masetla. Mwaka 1906 aliupa mji wa Nairobi bustani ambayo ingali inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukalia kiti humo. Alipinga waziwazi uamuzi wa kuwatengea Wazungu peke yao ardhi ya nyanda za juu. Kwa ujasiri huo anastahili heshima, maana wakati ule wenye kusema maneno kama hayo mbele ya gavana walikuwa wachache.

Lakini hesabu ikamilishwe. Mwaka 1910, akiwa London, Jeevanjee alilieleza gazeti moja la huko kwamba yeye angependelea Afrika ya Mashariki iunganishwe na himaya ya India. Mwafrika mwenye ardhi hiyo hakuulizwa. Usawa alioupigania mzee huyo ulikuwa usawa wa Mhindi na Mzungu juu ya ardhi isiyo ya yeyote kati yao. Kumsifu bila kusema hivyo ni kuficha jambo. Kumlaani bila kutaja kiti chake barazani na upinzani wake dhidi ya masetla ni kuficha jambo vilevile.

Tena wako ambao majina yao hayakupata kuandikwa popote. Reli ya Uganda ililetewa wafanyakazi Wahindi karibu 32,000. Kati yao karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba. Mmoja wao hakupewa bustani. Mwanafunzi anayedhani kuwa kila Mhindi aliyefika pwani hii alifika na cheki mfukoni hajapata kusimuliwa habari za watu hao, waliolala katika mahema ya Tsavo na kulipwa mshahara wa kibarua.

Habari za bustani hazikuishia hapo. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga jengo kubwa juu ya uwanja huo. Wananchi wa Nairobi waliupinga, na aliyekuwa mstari wa mbele kabisa alikuwa mjukuu wa Jeevanjee, mwanamke aitwaye Zarina Patel. Bustani ikapona, na watu wasio na ofisi wala kiti wakaendelea kupumzika humo chini ya miti. Hapo pana fundisho la pili juu ya majina. Aliyeulinda urithi wa Jeevanjee alikuwa na jina la Patel, jina ambalo Gujarat lilitokana na cheo cha mkuu wa kijiji na ambalo limeenea kwa mamilioni ya watu. Mwenye kutafuta ukoo kwa kusoma majina tu asingempata mjukuu huyo kamwe.

JIVANJEE WA ZANZIBAR

Nyumba ya pili inahesabu mwanzo wa biashara yake Zanzibar katika mwaka 1825, na asili yake ni Mandvi, bandari ya Kutch. Ilianza kwa biashara ndogo, ikaingia katika karafuu na bidhaa nyingine za kusafirisha, kisha ikavuka kuja bara. Karimjee mwana wa Jivanjee ndiye aliyewaachia wazao wake jina, na tangu hapo wengi wao wakajulikana kwa Karimjee kuliko Jivanjee.

Wawili katika uzao huo wanajulikana zaidi. Tayabali Karimjee wa Zanzibar alitunukiwa na Waingereza cheo cha Sir, na ukoo wake ulitoa fedha za hospitali kubwa iliyojengwa Unguja katika miaka ya 1950. Abdulkarim Karimjee aliwahi kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na mwaka uliofuata kiti hicho kikakaliwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Bunge hilo lilikuwa likikutana katika Ukumbi wa Karimjee, zawadi ya ukoo huo kwa mji wa Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge walijadili muswada wa uraia. Baadhi yao walitaka uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi, yaani Mwafrika awe raia na wengine wabakie wageni au wasubiri. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisimama na kuwajibu kwa ukali ambao haukuzoeleka kwake. Aliwafananisha wenye hoja hiyo na wabaguzi wa Ujerumani ya Hitler na wa Afrika ya Kusini, akasema kuwa serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Muswada ukapita, uraia ukafungwa na utii kwa nchi.

Mtumishi wa umma aliye leo nyuma ya dirisha la ofisi, akipokea fomu yenye jina la Kihindi, anafanya kazi chini ya uamuzi huo. Haidhuru jina ni Karimjee, Patel, Shah au Jamal. Akiliona jina hilo akamwambia mwenye fomu alete ushahidi ambao raia mwenzake hakudaiwa, ameurudisha mjadala uliofungwa mwaka 1961. Na akiliona jina hilo akanyanyuka kitini, akamsogeza mwenye fomu mbele ya foleni kwa kudhani kuwa ana fedha, amefanya kosa lilo hilo kwa upande wa pili.

WATU WA NAMBA

Sasa turejee Korogwe, maana hapa ndipo sifa za ukumbi na hospitali zinapopaswa kuulizwa zilitoka wapi.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika ikiwa hai. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata kama nzi wafuatavyo asali. Wenye mashamba walikuwa wa kila namna: Wajerumani, Wagiriki, Waswisi, Waingereza na Wahindi. Ukoo wa Karimjee ulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge katika Mkoa wa Tanga. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, na hakuna nchi duniani iliyoizidi.

Tani hizo hazikujikata zenyewe. Mkata mkonge aliingia shambani kabla ya jua, akakata majani moja moja kwa kisu, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga mafungu ya majani 30 na kuyabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba. Kutoka hapo majani yalikwenda kwenye korona, mashine inayosaga nyama ya jani na kuacha singa, ambazo zilianikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo tano. Kinachobaki ni maji machungu yanayowasha ngozi, na mtu wa korona alirudi nayo nyumbani mwilini.

Watu hao walitoka mbali. Walitoka Kigoma, Songea na Njombe, wakatoka Burundi na Msumbiji. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwaandikisha, likiitwa SILABU, lililowaleta kwa malori na treni. Kila mmoja alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama, na pasipo alama hapakuwa na posho. Kila mmoja alipewa pia namba. Kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba, na jina hilo likawashika hata wale ambao Tanga imekuwa kwao kwa vizazi vitatu.

Jambo hili lapaswa kutafakariwa na kila anayefundisha historia. Mwenye shamba alikuwa na jina, na jina hilo likaandikwa juu ya ukumbi, juu ya hospitali na katika orodha za waliotunukiwa vyeo. Aliyeutoa utajiri huo ardhini alikuwa na namba, na kipande kilipokwisha namba ilipewa mtu mwingine. Katika Old Korogwe na vijiji vinavyoizunguka, kuelekea Ngombezi na Magunga, wapo wajukuu wengi wa watu hao. Wengine wanakaa darasani sasa hivi. Mwalimu akiwauliza jina la aliyejenga Ukumbi wa Karimjee, kitabu kitawasaidia. Akiwauliza babu zao waliitwa nani katika kambi ya mkonge, hakuna kitabu kitakachojibu.

Haki haitaki kusema kwamba wenye mashamba Wahindi walikuwa wabaya kuliko Wagiriki au Waingereza. Kipande kilikuwa kimoja na namba zilikuwa za namna moja, hata mwenye shamba awe nani. Uliokuwa mbaya ni mfumo wenyewe, na ndiyo sababu migomo iliyotikisa mashamba ya Tanga mwishoni mwa miaka ya 1950 haikuchagua rangi ya mwajiri. Wafanyakazi walielewa mapema jambo ambalo wasomi wengine hawajalielewa hadi leo.

KUTAIFISHA NA KUBANDUA

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Baadaye mwaka huo serikali ilichukua mashamba mengi ya mkonge, au sehemu kubwa ya hisa zake, na ukoo wa Karimjee ulipoteza mashamba kama walivyopoteza wenzao. Mwaka 1971 ikafuata Sheria ya Kutwaa Majengo, na nyumba nyingi za kupangisha zilizokuwa za Wahindi zikawa mali ya umma. Familia nyingi zilihama.

Yafaa ikumbukwe kuwa Mwalimu Nyerere, siku chache tu baada ya Azimio, aliandika gazetini kuonya kwamba ujamaa na ubaguzi ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Kilichokuwa kikichukuliwa ni njia za uzalishaji, wala si utu wa mtu mwenye jina fulani. Onyo hilo lilihitajika kwa sababu tayari walikuwapo waliodhani kuwa Azimio limewapa ruhusa ya kumtukana mwenye duka. Wengine walilielewa. Wengine, hata maofisini, hawakulielewa, na machungu ya miaka hiyo hayajaisha katika nyumba nyingi.

Kuhusu majina, nchi ilikwenda njia mbili. Hospitali ya Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, iliondolewa jina la Karimjee Jivanjee ikapewa la V. I. Lenin, na baadaye ikawa Mnazi Mmoja. Shule ya sekondari ya Karimjee mjini Tanga ikawa Usagara. Lakini ukumbi wa Dar es Salaam haukubanduliwa jina. Bunge la Azimio la Arusha, Bunge lililowataifisha akina Karimjee mkonge wao, liliendelea kukutana ndani ya Ukumbi wa Karimjee. Bunge limekwisha hamia Dodoma, lakini hata sasa wananchi wamezoea kusikia redioni kwamba mwili wa kiongozi fulani utaagwa katika viwanja vya Karimjee.

Ipi kati ya njia hizo mbili ni bora? Wako wasemao kuwa majina ya matajiri wa kikoloni yangefutwa yote. Hoja yao ina uzito: jina lililo juu ya mlango hufundisha kila apitaye, na mtoto wa mkata mkonge hana sababu ya kufundishwa kwamba wema ni wa mwenye fedha tu. Lakini kufuta kuna hasara yake. Mwanafunzi wa Usagara asiyejua kuwa shule yake iliitwa Karimjee hawezi kuuliza fedha za majengo yale zilitoka katika shamba gani. Jina lililofutwa linaondoka na sifa zake, na linaondoka pia na deni lake. Lenin alipobandikwa juu ya hospitali ya Unguja, hakuna manamba hata mmoja aliyepata jina kwa ajili hiyo. Tajiri mmoja wa Kihindi aliondoka, akaingia mwanamapinduzi wa Kirusi, na mkata mkonge akabaki na namba yake.

Kwa hiyo bora ni kuliacha jina na kulisimulia habari zake zote. Ukumbi wa Karimjee uitwe hivyo, na kila aingiaye aambiwe kwamba hapo uraia usio na rangi ulitetewa mwaka 1961, kwamba Spika wa siku zile alikuwa mwana wa ukoo huo, na kwamba fedha za ukoo huo zilitoka katika karafuu, bidhaa na mkonge. Mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, yaliyokuwa ya umma kwa miaka ya utaifishaji na kuuzwa kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo yasimuliwe hivyo hivyo, tangu Mjerumani hadi mkulima mdogo wa leo aliyegawiwa eka zake ndani ya shamba.

KAZI YA MWALIMU NA KAZI YA OFISA

Jambo hili halihitaji fedha za wafadhili wala kamati. Mwalimu wa historia katika Old Korogwe anaweza kulianza muhula huu. Kila mwanafunzi apewe kazi ya kumwuliza mzee mmoja wa nyumbani au wa jirani maswali manne: jina lako kamili ni nani, ulitoka wapi, ulifanya kazi katika shamba gani, na namba yako ilikuwa ngapi. Majibu yaandikwe katika daftari moja la shule, kwa wino, na daftari hilo litunzwe ofisini pamoja na la mahudhurio. Wazee waliokata mkonge kabla ya Azimio wamebaki wachache. Kila msimu wa mvua unaopita unapunguza idadi yao. Wakiisha wote, kazi hii haitafanyika tena.

Na katika mtaa huo huo, kama yupo mzee wa Kihindi ambaye familia yake ilifungua duka wakati treni ikiwa ndiyo njia pekee ya kufika Tanga, naye aulizwe. Huenda hakuwa na shamba wala ukumbi. Huenda baba yake aliuza chumvi, viberiti na kaniki kwa mkopo, akiandika madeni ya manamba katika kitabu kwa herufi za Kigujarati. Kitabu cha namna hiyo, kikipatikana, chaweza kuwa na majina ambayo mwenye shamba hakujishughulisha kuyauliza. Muuza duka hawezi kumkopesha namba. Anahitaji jina, ili ajue atamdai nani.

Ofisa wa serikali naye ana yake. Kumbukumbu za mashamba, orodha za mishahara na kadi za kazi zinaoza katika maghala, zinaliwa na mchwa, na nyingine zimefungiwa maandazi. Kuzikusanya na kuzihifadhi ni sehemu ya kazi ya utumishi, wala si hisani. Tena ofisa aache tabia ya kusoma fomu kwa jina la mwisho tu. Asome kazi ya mtu, anwani yake na haja yake, kama angependa yeye mwenyewe asomwe akiwa mbele ya dirisha la mwenzake.

Kuna aliyewahi kudai kwamba mambo haya ni ya zamani na yasifukuliwe. Mji wenyewe unampinga. Kata inaitwa Old Korogwe, neno la Kiingereza limebandikwa mbele ya jina la wenyeji, na jina hilo linakiri mchana kweupe kwamba ipo Korogwe iliyotangulia na ipo iliyofuata. Wakazi hawakuona haya kulibeba neno hilo la zamani katika mihuri yao ya ofisi. Wasione haya basi kuiuliza hiyo zamani yao iliyojengwa na nani.

Karim na Jivan walikuwa majina ya watu wawili tu waliozaliwa ng'ambo ya bahari. Biashara iliyafanya makubwa, fedha zikayaweka juu ya milango, siasa ikayaondoa hapa na kuyaacha pale. Hayo yote yamekwisha andikwa, na mwenye kutaka atayasoma. Kilichosalia bila kuandikwa ni majina ya watu walioamshwa kwa kengele ya kambi na kuitwa kwa tarakimu. Wajukuu wao wanaitika kila asubuhi mwalimu anapoita mahudhurio, na lile jina la tatu wanaloliitikia, ambalo fomu inaliita la ukoo, huenda ni la babu ambaye shamba lilimjua kwa namba tu. Mwalimu analo jina hilo mkononi. Alifuate.